Garin: Bingwa wa kwanza wa Tour de France aliyepokwa taji mezani

MWANZONI mwa Desemba 1904, zaidi ya miezi minne baada ya mbio kumalizika, Chama cha Baiskeli cha Ufaransa, UVF, kilitoa hukumu iliyowaacha mashabiki midomo wazi. Mshindi wa Tour de France ya mwaka ule alifutwa. Aliyeshika nafasi ya pili akafutwa. Wa tatu akafutwa, na wa nne naye hakusalimika. Taji likashuka mpaka kwa aliyemaliza wa tano, kijana Henri Cornet, ambaye siku mbio zilipoisha alikuwa na miaka 19 tu.

Aliyepoteza zaidi siku ile ni Maurice Garin. Huyu ndiye aliyeshinda Tour ya kwanza kabisa, mwaka 1903, na alidhani ameshatetea ubingwa wake barabarani. Badala yake alipokwa taji la pili na juu yake akafungiwa miaka miwili, akiwa tayari ana miaka 33.

Wapenzi wa soka wanaujua uchungu wa pointi za mezani. Timu inatoka jasho dakika 90, inashinda, halafu siku chache baadaye inatoka karatasi ofisini inayosema matokeo si yale. Ya Garin yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu haikuwa mechi moja. Zilikuwa ni zaidi ya kilomita 2,400 za barabara za vumbi na mawe, usiku na mchana, na sababu kamili za hukumu ile hazikuwahi kuwekwa hadharani.

Ili kuelewa jamaa alifikaje pale, lazima kuanzia mbali, kule milimani alikotoka.

MTOTO WA KUSAFISHA DOHANI

Garin alizaliwa Machi 3, 1871 katika kijiji cha Arvier, kwenye Bonde la Aosta, kaskazini magharibi mwa Italia. Ni eneo la milima ya Alps, jirani kabisa na Ufaransa, na wenyeji wake wengi walizungumza Kifaransa. Baba yake alikuwa kibarua wa mashambani na mama yake alifanya kazi hotelini. Nyumba ilikuwa na watoto tisa, wasichana wanne na wavulana watano, na Maurice ndiye aliyekuwa mkubwa kwa upande wa wavulana.

Mwaka 1885, hali ngumu iliifanya familia ivuke milima kwenda kutafuta maisha Ufaransa. Kuna simulizi maarufu kwamba baba yake alimkabidhi kwa mtu aliyekuwa akikusanya watoto wa kusafisha dohani, yale mabomba ya kutolea moshi majumbani, na malipo yakawa ni jibini. Watoto wadogo walitafutwa sana kwa kazi hiyo kwa sababu miili yao ilipenya kirahisi kwenye nafasi zile finyu zilizojaa masizi.

Habari ya jibini inaweza kuwa na chumvi ndani yake, lakini kazi yenyewe haina ubishi. Akiwa na miaka 15 hivi, Garin alikuwa akisafisha dohani katika mji wa Reims. Baadaye alivuka kwenda Charleroi, Ubelgiji, na ilipofika 1889 alikuwa amehamia Maubeuge, kaskazini mwa Ufaransa karibu na mpaka.

Hakuwahi kurefuka sana. Alisimama kwenye sentimita 162 au 163 hivi, na uzito wake ulizunguka kilo 60. Alipokuja kuwa nyota, magazeti yalimpachika jina la Msafisha Dohani Mdogo, na jina hilo lilimganda mpaka mwisho wa maisha yake.

BAISKELI YA FARANGA 405

Ni hapo Maubeuge, mwaka 1889, Garin aliponunua baiskeli yake ya kwanza kwa faranga 405. Kwa kijana wa kazi za mikono hizo zilikuwa pesa za maana. Hakununua kwa ajili ya mashindano. Alitaka tu kupanda, na alipanda kwa fujo mitaani kiasi kwamba watu wa mji wakamuita kichaa.

Mwaka 1892 alishawishiwa aingie kwenye mbio za kilomita 200 kutoka Maubeuge kwenda Hirson na kurudi. Akamaliza wa tano. Kwa mtu ambaye hakuwa amewahi kushindana, haikuwa haba, na yeye mwenyewe alionja utamu akaona huko ndiko kwake.

Mwaka uliofuata alishinda mbio zilizopita Namur na Dinant, Ubelgiji. Inasimuliwa kwamba alipata pancha katikati ya safari, akamuona msaidizi wa mpinzani wake akisubiri pembeni na baiskeli, akaitwaa, akapanda na kuondoka nayo mpaka kwenye ushindi. Stori hiyo inaonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Kama kuna njia ya kufika mbele, Garin ataipita kwanza, maswali yatajibiwa baadaye. Tabia hiyo ilimpandisha juu, na miaka kumi na moja mbele ndiyo iliyomrudia.

MASHABIKI WAMCHANGIA

Siku iliyomfanya awe mchezaji wa kulipwa nayo ni ya aina yake. Alikwenda Avesnes-sur-Helpe, kilomita 25 hivi kutoka Maubeuge, kushiriki mbio. Alipofika akaambiwa mbio ni za wachezaji wa kulipwa pekee, yeye hana nafasi.

Hakurudi nyumbani. Alisubiri waliosajiliwa waondoke, kisha akaanza kuwafukuza. Alianguka mara mbili njiani, akainuka, akawapita wote na kufika wa kwanza. Watu waliojaa pale walishangilia, lakini waandaaji waligoma kumlipa zawadi ya faranga 150. Mashabiki wakapitisha kofia, wakachangishana wenyewe, na Garin akaondoka na faranga 300. Baada ya hapo akajiunga rasmi na mbio za kulipwa.

Moja ya kazi zake za mwanzo katika ngazi hiyo ilikuwa mbio za saa 24 mfululizo jijini Paris, katika baridi kali ya Februari. Wapinzani walidondoka mmoja baada ya mwingine kwa kuganda. Garin alitembea kilomita 701 na ni mpinzani mmoja tu aliyedumu naye mpaka mwisho. Siri inayosimuliwa ni chakula: chokoleti ya moto lita 19, chai lita 7, mayai 8 na vipande 45 vya nyama. Wengine walikuwa wakinywa mvinyo mwekundu ili wapate joto.

MBABE WA ROUBAIX

Mwaka 1896 zilianzishwa mbio za Paris-Roubaix, hizi hizi ambazo mpaka leo zinaogopwa kwa barabara zake za mawe. Garin, ambaye wakati huo alikuwa akiishi Roubaix, alikuwemo kwenye toleo la kwanza na alimaliza wa tatu, baada ya kuangushwa njiani katika mgongano wa baiskeli.

Mwaka 1897 alirudi kumalizia kazi. Yeye na Mholanzi Mathieu Cordang waliingia pamoja kwenye uwanja wa baiskeli wa Roubaix ambako ndiko kulikuwa na mstari wa mwisho. Cordang akateleza na kuanguka mlangoni. Akainuka, akamfukuza Garin kwa nguvu zote mbele ya mashabiki waliokuwa wamesimama, lakini alikosa kama mita mbili tu. Mwaka 1898 Garin hakutaka presha ya namna hiyo tena. Alishinda akiwa peke yake, mpinzani wa karibu akiwa dakika 28 nyuma.

Mwaka 1901 ikaja Paris-Brest-Paris, kilomita 1,200 kwa mkupuo, hakuna hatua, hakuna siku ya kupumzika. Alitumia saa 52 na dakika 11, karibu saa mbili mbele ya aliyemfuata. Mwaka 1902 akaongeza Bordeaux-Paris. Kwa maneno ya kisoka, kabatini hakukuwa na nafasi.

Kuna kitu Wafaransa wengi walikuja kukijua kwa kuchelewa mno. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba Garin alikuwa raia wa Ufaransa tangu 1892. Mwaka 2004 mwandishi mmoja wa Italia alifukua hati zilizoonyesha kwamba uraia aliupata Desemba 1901. Maana yake, mataji yote mawili ya Roubaix na lile la Paris-Brest-Paris yalichukuliwa na Muitaliano.

GAZETI LINAHANGAIKA

Tour de France haikuzaliwa kwa mapenzi ya baiskeli peke yake. Ilizaliwa kwenye vita ya magazeti.

Gazeti kubwa la michezo Ufaransa wakati huo liliitwa Le Vélo, likiongozwa na Pierre Giffard na kuchapwa kwenye karatasi za kijani. Nchi ilikuwa imegawanyika vibaya kwa sababu ya kesi ya Dreyfus, ofisa wa jeshi mwenye asili ya Kiyahudi aliyehukumiwa kwa usaliti ambao hakuufanya. Giffard alisimama upande wa Dreyfus. Baadhi ya wenye viwanda waliokuwa wakilipa matangazo kwenye gazeti lake walikuwa upande wa pili. Wakaondoka na pesa zao, wakaanzisha gazeti lao mwaka 1900, wakalichapa kwenye karatasi za njano na kumkabidhi Henri Desgrange, mwendesha baiskeli wa zamani, aliongoze.

Gazeti hilo jipya liliitwa L'Auto-Vélo. Giffard akaenda mahakamani kulalamikia jina, akashinda, na Januari 1903 likabaki L'Auto tu. Mauzo yalikuwa hafifu, na kwa kupoteza neno la baiskeli kwenye jina, hali ilizidi kuwa tete.

Wazo la kujiokoa lilitoka kwa kijana wa ofisini, Géo Lefèvre, mwandishi wa baiskeli. Katika mazungumzo ya Novemba 1902 alipendekeza mbio za kuizunguka Ufaransa yote, za siku nyingi, kubwa kuliko chochote kilichowahi kuandaliwa. Desgrange alisita, lakini mtunza fedha wa gazeti, Victor Goddet, akatoa baraka.

Mwanzoni mambo yalikwama. Mbio zilipangwa kuanza mwishoni mwa Mei na kuchukua wiki tano, na waliojiandikisha hawakufika 20. Nani angeacha kazi wiki tano? Desgrange akazisogeza mpaka Julai, akazifupisha ziwe chini ya wiki tatu, akapunguza ada ya kuingia kutoka faranga 20 hadi 10 na kuahidi posho ya siku kwa washiriki. Jumla ya zawadi ikawa faranga 20,000. Hapo ndipo watu walipokuja.

JULAI 1, 1903

Saa 9:16 alasiri, Jumatano ya Julai 1, 1903, waendeshaji 60 waliondoka mbele ya mgahawa wa Au Réveil Matin katika mji wa Montgeron, nje kidogo ya Paris. Desgrange hakuwepo. Alibaki Paris, na inasemekana alihofia aibu kama kitu chenyewe kingebuma. Aliyetumwa kusimamia ni Lefèvre, ambaye alizunguka nchi kwa baiskeli na treni, akiwa mwandishi, mwamuzi na mtunza saa kwa wakati mmoja.

Ratiba ilikuwa na hatua sita: Paris hadi Lyon, Lyon hadi Marseille, Marseille hadi Toulouse, Toulouse hadi Bordeaux, Bordeaux hadi Nantes, na Nantes kurudi Paris. Jumla, kilomita 2,428. Hatua fupi zaidi ilikuwa kilomita 268 na ndefu zaidi kilomita 471. Kati ya hatua na hatua walipewa siku kadhaa za kupumzika.

Baiskeli zilikuwa za chuma, nzito, zisizo na gia za kubadili. Mtu akipata pancha anaziba mwenyewe. Waongoza kasi, wale watu waliozoeleka kutangulia mbele ili kumkinga mchezaji na upepo, walipigwa marufuku. Na kwa kuwa hatua zilikuwa ndefu kupita kiasi, sehemu kubwa ya safari ilikuwa ni usiku, kwenye giza totoro, hakuna mwamuzi anayeona kila kinachoendelea. Hilo la usiku litakuja kuwa na kazi yake huko mbele.

Garin, akiwa na miaka 32 na juu ya baiskeli ya La Française, alianza moto hatua ya kwanza. Kilomita 467 mpaka Lyon alizimaliza kwa saa 17 na dakika 45. Aliingia mjini saa 3 asubuhi ya siku ya pili, huku Émile Pagie akiwa nyuma yake kwa sekunde 55 tu. Pagie alianguka hatua iliyofuata na kujitoa.

Mpinzani aliyetajwa sana kabla ya mbio, Hippolyte Aucouturier, aliumwa tumbo hatua ya kwanza na kuacha. Kanuni za wakati huo zilimruhusu arudi kushindania hatua moja moja, bila kuhesabiwa kwenye ubingwa. Alirudi, akashinda ya Marseille na ya Toulouse. Ya Bordeaux ikachukuliwa na Mswisi Charles Laeser. Garin hakupaparika. Yeye alikuwa anahesabu jumla ya saa, na kwenye jumla hakuna aliyemsogelea.

Aliyebaki kumtishia ni Léon Georget. Kwenye hatua ya tano, kuelekea Nantes, Georget alipata pancha mbili, akakaa pembeni ya barabara kupumzika, usingizi ukampitia. Mbio zake zikaishia pale. Hatua hiyo ilibaki na doa jingine, kwani Fernand Augereau alilalamika kwamba Garin alimtaka amwachie ushindi, na alipokataa akaangushwa na baiskeli yake ikaharibiwa makusudi. Garin alishinda hatua, na hakuadhibiwa.

Kisha akashinda na ya mwisho, kilomita 471 kutoka Nantes hadi Paris. Julai 19 uwanja wa Parc des Princes ulikuwa umejaa watu wakimsubiri Msafisha Dohani Mdogo. Jumla yake ilikuwa saa 94, dakika 33 na sekunde 14. Wa pili, Lucien Pothier, alikuwa nyuma yake kwa karibu saa tatu. Kati ya 60 walioanza, 21 walimaliza, na wa mwisho alipishana na Garin kwa zaidi ya saa 64.

Jezi ya njano ilikuwa bado haijazaliwa, ilikuja 1919. Kiongozi wa 1903 alifungwa kitambaa cha kijani mkononi. Kwa zawadi zake zote Garin alikusanya faranga 6,075. Gazeti la L'Auto nalo lilivuna: mauzo yalitoka nakala 25,000 kwa siku hadi 65,000. Kabla mwaka 1904 haujaisha, Le Vélo lilikuwa limefungwa.

JULAI 1904: MAWE, MISUMARI NA GIZA

Kilichokuja mwaka uliofuata kinaeleza ni kwa nini umaarufu nao unaua. Njia ilikuwa ile ile, hatua sita zile zile, na washiriki walipanda hadi 88. Lakini sasa kila mji ulikuwa na mtu wake, na mashabiki waliamua kumsaidia kwa mikono yao.

Hatua ya kwanza tu, Garin na Pothier wakiwa mbele, walishambuliwa na watu waliofunika nyuso zao wakiwa kwenye gari. Walinusurika, na Garin akashinda hatua. Hapo hapo ikazuka hoja nyingine. Wakati wa mbio alikuwa amepewa chakula sehemu isiyoruhusiwa, na aliyempa ni Lefèvre, msimamizi mwenyewe. Wapinzani wakaanza kunong'ona kwamba gazeti lina mtu wake.

Hatua ya pili ndiyo iliyobaki kwenye vitabu. Usiku, kwenye mlima karibu na Saint-Étienne, mashabiki wapatao 200 wa mwenyeji Faure walikuwa wamejipanga barabarani. Walimwacha mtu wao apite, kisha wakawafungia njia waliomfuata. Garin alipigwa na kujeruhiwa mkono. Muitaliano Giovanni Gerbi alipata kichapo mpaka akavunjika kidole na kuacha mbio. Ilibidi waandaaji wafyatue bastola hewani ndipo kundi litawanyike.

Haikuishia pale. Mjini Nîmes fujo nyingine ilizuka kwa sababu ya Ferdinand Payan, mchezaji wa eneo hilo aliyefutwa kwa kosa la kusaidiwa na gari. Misumari na vipande vya chupa vilimwagwa barabarani. Zikasambaa taarifa za watu kubebwa na magari usiku, na za wengine kupanda treni kabisa na kushuka karibu na mji wa mwisho. Ni nani angethibitisha, wakati kati ya kituo kimoja cha ukaguzi na kingine kulikuwa na kilomita nyingi za giza?

Garin alifika Paris akiwa wa kwanza kwa jumla, Pothier wa pili kwa tofauti ya dakika tatu na ushee. Mdogo wake, César Garin, alikuwa wa tatu, na Aucouturier, aliyeshinda hatua nne, alikuwa wa nne. Desgrange alikiri kwenye gazeti lake kwamba mbio zimeuawa na mafanikio yake zenyewe, na kwamba huenda hiyo ndiyo Tour ya mwisho.

HUKUMU BILA MAELEZO

UVF ilikusanya malalamiko na kuhoji watu kwa miezi. Ilisubiri mpaka msimu ukaisha, mashabiki wakapoa, ndipo ikashusha rungu la Desemba. Wanne wa juu wote nje. Washindi wa hatua wote nje. Garin akafungiwa miaka miwili, Pothier akafungiwa maisha, ingawa adhabu yake ilikuja kupunguzwa baadaye. Ndipo kijana Cornet akawa bingwa, na mpaka leo hajatokea aliyetwaa Tour akiwa na umri mdogo kuliko wake.

UVF haikueleza kwa ukamilifu nani alifanya nini, wapi na saa ngapi. Nyaraka za uchunguzi nazo zilipotea wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo mashtaka halisi ya Garin hayawezi kusomwa tena. Kuna chakula cha hatua ya kwanza, kilichojulikana. Kuna treni, iliyosemwa sana. Katikati ya hivyo viwili kuna ukimya.

Garin alisisitiza kwamba ameonewa. Ila zipo simulizi za watu wa Lens waliomfahamu uzeeni, kwamba baadaye, mambo yakiwa hayana uzito tena, aliulizwa habari ya treni akacheka tu na kukubali, akijitetea kwamba alikuwa bado damu inachemka. Ni maneno ya mtaani, hayawezi kumhukumu mtu. Lakini hayakufa.

Kwa upande mwingine, hukumu ile iliiokoa Tour. Mwaka 1905 Desgrange alirudi na kanuni mpya. Hatua zikaongezwa kutoka sita hadi 11 na kufupishwa, ili watu wasikimbie usiku mahali wasipoonekana, na ubingwa ukaamuliwa kwa pointi badala ya saa. Mambo mengi ya Tour yaliyozoeleka leo, hatua za mchana na ulinzi wa karibu, yalianzia kwenye aibu ya 1904.

GEREJI YA LENS

Garin hakuwahi kurudi kwenye Tour. Adhabu ilipoisha, miguu ilikuwa imeshachoka na wakati ulikuwa wa vijana. Alijitokeza mara moja zaidi, mwaka 1911, kwenye Paris-Brest-Paris aliyoitawala miaka kumi nyuma. Akiwa na miaka 40, alimaliza wa kumi.

Maisha yake mengine yote yalikuwa Lens, mji wa migodi ya makaa ya mawe ambao wapenzi wa soka wanaujua kwa klabu ya RC Lens. Alifungua gereji na kituo cha mafuta, akafanya kazi kama watu wengine. Baada ya Vita Kuu ya Pili jina lake lilirudi barabarani kupitia timu ya baiskeli iliyoitwa Garin, na Mholanzi Wim van Est alishinda nayo Bordeaux-Paris, mbio ambazo mzee mwenyewe alizichukua mwaka 1902.

Miaka ya mwisho kumbukumbu zilimtoroka. Inasimuliwa kwamba alionekana akitangatanga kwenye mitaa ya Lens akiuliza kituo cha ukaguzi kiko wapi, kile ambacho mchezaji hupita kuweka saini ili athibitishe kwamba amefika. Watu waliomjua walimshika mkono wakamrudisha nyumbani.

Alifariki Februari 19, 1957, akiwa na miaka 85, na akazikwa Sallaumines, jirani na Lens.

Tangu wakati ule Tour imeona mabingwa wa kila aina, akiwemo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyeitwaa mara nne. Imeona pia mataji mengine yakifutwa mezani, makubwa kuliko lile la Garin. Lakini lile pengo la karibu saa tatu kati yake na Pothier mwaka 1903 halijawahi kufikiwa na yeyote. Taji la 1904 walilichukua. La 1903 hakuna aliyeligusa.